Digrii ya Marekani kwa vipande: tathmini ya Sophia, Study.com, CLEP na vyuo vinavyopokea krediti zao

Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120; krediti ni kipimo cha ukubwa wa kozi. Kozi nyingi zina krediti 3, kwa hiyo mtu anahitaji kozi kama 40 ili ahitimu. Hakuna sheria inayomlazimu kuzisoma zote chuo kimoja, na hapo ndipo biashara ya krediti za mtandaoni ilipopata mlango: unasoma kozi za msingi kwa bei ndogo mahali pengine, unazihamishia chuoni, kisha unalipa bei ya chuo kwa zile zilizobaki tu.

Tumeupima mnyororo mzima, yaani wauzaji wa kozi, mitihani ya kuruka kozi, na vyuo vinavyotoa shahada yenyewe. Uamuzi wetu ni kwamba njia hii ni halali na inafanya kazi, na kwa mtu mzima mwenye kazi na watoto inaweza kumwepusha na deni la miaka mingi. Lakini wengi huanzia mwisho usio sahihi. Wanalipia kozi mwezi mzima, wanakusanya vyeti, halafu ndiyo wanaanza kutafuta chuo cha kuvipokea. Chuo kichaguliwe kwanza. Krediti ina thamani moja tu, ile atakayoiandika msajili wa chuo kitakachokupa shahada.

Lazima ieleweke kwanza Sophia na Study.com ni nini. Ni wauzaji wa kozi za mtandaoni. Si vyuo, wala hawatoi krediti. Kozi zao hupitiwa na American Council on Education, ambayo watu huiita ACE. Wataalamu wa ACE wanaangalia silabasi, mitihani na kiwango, kisha wanapendekeza: kozi hii inastahili krediti 3, ngazi ya chini (ya miaka miwili ya kwanza; ya juu ni ya miaka ya mwisho), somo fulani. Neno la kushika ni hilo, wanapendekeza. Chuo kinaweza kukubali pendekezo lote, kukubali nusu, kuipokea kozi kama ya kujazia tu, au kuikataa kabisa. Ipo pia NCCRS inayofanya kazi kama hiyo, ila vyuo vinavyoikubali ni vichache zaidi.

Ithibati ni ya chuo. Hakikisha chuo unachomalizia kina ithibati ya mojawapo ya taasisi zinazotambulika zaidi: HLC, MSCHE, NECHE, NWCCU, SACSCOC au WSCUC. Jina liwepo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe ya ithibati. Kuliona kwenye tangazo la chuo hakutoshi.

Sophia

Kwa masomo ya msingi hatujaona kinachoishinda kwa bei. Imekuwa ikitoza dola 99 kwa mwezi, na ndani ya mwezi huo unamaliza kozi nyingi kadiri unavyoweza. Hakuna tarehe za darasa. Kozi zina mazoezi madogo baada ya kila somo, mitihani ya sehemu inayoitwa Milestone, na kwenye baadhi ya kozi kazi za kuandika zinazoitwa Touchstone, ambazo husahihishwa na binadamu. Unaruhusiwa kufungua maelezo wakati wa mtihani, na alama ya kufaulu ni asilimia 70.

Kanuni inayowakwamisha wengi ni kwamba unaweza kufungua kozi mbili tu kwa wakati mmoja. Ukichukua kozi mbili zenye insha, ukawasilisha kazi zote mbili Alhamisi jioni, utakaa siku kadhaa ukisubiri msahihishaji huku ada ya mwezi inakwenda. Dawa yake ni kuoanisha. Kozi moja iwe ya insha, kwa mfano uandishi wa Kiingereza, na nyingine iwe ya mitihani mitupu, kama saikolojia au sosholojia. Insha ikiwa kwa msahihishaji, unamaliza ile nyingine na kufungua ya tatu. Kwa mpango huo, mtu anayesoma saa mbili kila jioni anaweza kumaliza kozi nne au tano kwa mwezi. Asiyepanga anamaliza mbili kwa bei ileile.

Jambo jingine la insha: soma jedwali la vigezo kabla ya kuandika neno la kwanza. Wasahihishaji wanafuata jedwali hilo mstari kwa mstari. Insha nzuri iliyosahau maswali ya kutafakari mwishoni, au iliyotumia vyanzo vitatu pale vilipotakiwa vinne, inarudishwa au inapoteza alama, na siku zako za kusubiri zinaanza upya.

Udhaifu wa Sophia uko sehemu tatu. Karibu kozi zake zote ni za ngazi ya chini, kwa hiyo haiwezi kukufikisha mbali kwenye shahada inayodai krediti 30 au 45 za ngazi ya juu. Matokeo yanaandikwa kama kufaulu tu bila herufi ya alama (A, B, C), hivyo hayapandishi GPA, yaani wastani wa alama zako. Na sayansi inahitaji jicho: biolojia ya binadamu ni krediti 3, lakini maabara yake ni kozi ya pembeni ya krediti 1. Chuo kikidai sayansi yenye maabara, ukapeleka ile ya krediti 3 peke yake, hitaji linabaki wazi. Ujue pia kwamba Sophia ni mali ya Strategic Education, kampuni inayomiliki vyuo vikuu vya Capella na Strayer. Si dhambi, ila unapoona vyuo hivyo vikipigiwa debe kwenye kurasa zake, ujue sababu.

Study.com

Hii tunaipa nafasi kwa kazi moja mahususi: kozi za ngazi ya juu ambazo Sophia haina. Uhasibu wa kati, uongozi wa rasilimali watu, mifumo ya kompyuta. Nyingi zimependekezwa na ACE kwa ngazi ya juu. Ada ya mpango wa chuo ni zaidi ya dola 200 kwa mwezi, na mpango huja na idadi ndogo ya mitihani ya mwisho. Ukizidisha, unalipia kila mtihani.

Masomo yenyewe ni video fupi na jaribio mwishoni mwa kila moja. Mtihani wa mwisho una uzito mkubwa na unasimamiwa kwa kamera, nayo ndiyo tofauti kubwa na Sophia. Chumba kiwe kitupu, meza iwe safi, simu iwe nje, na kitambulisho kiwe mkononi. Watu wanaofeli hapa mara nyingi wamefanya majaribio yote vizuri kwa kubahatisha na kurudia, wakaingia mtihani wa mwisho bila kukumbuka kitu. Rudia kwanza mitihani ya mazoezi ya sura hadi upate asilimia 80 bila kuangalia maelezo, ndipo uombe mtihani. Kozi nyingi za ngazi ya juu zina kazi ya kuandika pia. Iwasilishe mapema, maana usahihishaji unaweza kuchukua zaidi ya wiki, na huwezi kuhesabu kozi imekwisha kabla kazi haijarudi.

CLEP

CLEP ni mitihani ya kuruka kozi: ukifaulu, unapata krediti bila kuisoma kozi. Inaendeshwa na College Board, na ipo 34. Kila mmoja unalipiwa karibu dola 100, pamoja na ada ya kituo cha mtihani. Alama ni kati ya 20 na 80, na ACE inapendekeza 50 iwe ya kufaulu, ingawa chuo kinaweza kuweka kiwango chake. Kwa mitihani mingi alama unaziona hapohapo ukimaliza. Ukifeli unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani uleule.

Kabla ya kulipa chochote, pita Modern States. Ni shirika lisilo la faida lenye kozi za bure za kujiandaa na CLEP, na ukimaliza kozi linakupa vocha ya kulipia mtihani. Hii ndiyo krediti ya bei nafuu kuliko zote tunazozijua, na inashangaza jinsi watu wanavyoipita. Unapojisajili kwa mtihani wa CLEP, taja chuo cha kupelekewa matokeo, kwa kuwa nakala ya kwanza ni bure na zinazofuata zinalipiwa.

CLEP ina faida nyingine: imekuwepo tangu miaka ya 1960 na ofisi za wasajili zimeizoea. Chuo kinachokataa Sophia kinaweza kuipokea CLEP bila swali. Lakini usidhani inapokelewa kila mahali. Mfumo wa University of California, kwa mfano, hautoi krediti kwa CLEP.

Kwa anayetaka herufi halisi kwenye transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo, Arizona State University ina kozi zake za Universal Learner. Unalipa dola 25 kujiunga, unasoma, na ukiridhika na alama yako mwishoni ndipo unalipa dola 400 iingie kwenye transkripti ya ASU. Ni ghali kuliko Sophia kwa mbali, lakini hiyo ni krediti ya chuo kikuu chenye jina, na haihitaji pendekezo la ACE. Tungeitumia kwa kozi mbili au tatu ambazo shule ya shahada ya pili itazichungulia, kama hesabu au takwimu.

Vyuo vya kumalizia

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo watu wanapolinganisha bei kwa uvivu zaidi. Chukua mfano wa mtu mwenye kikomo cha krediti 90 za kuhamisha. Krediti 54 kutoka Sophia kwa miezi minne ni dola 396. Krediti 9 za CLEP, akilipia mwenyewe, ni karibu dola 300. Krediti 27 za Study.com, kwa mwendo wa kozi mbili kwa mwezi, tukadirie dola 1,200. Jumla ni kama dola 1,900 kwa robo tatu ya shahada. Zikabaki krediti 30. Chuo kikimtoza dola 300 kwa kila moja, hizo ni dola 9,000, karibu mara tano ya zote zilizotangulia. Kwa hiyo kubishana kama Sophia ni nafuu kuliko mpinzani wake kwa dola 40 ni kuhangaika na chenji. Swali ni chuo kipi, kinataka krediti ngapi zake chenyewe, na kinatozaje.

Vyuo vingi vinadai angalau robo ya shahada, yaani krediti 30, isomwe kwao. Southern New Hampshire University inapokea hadi 90 kutoka nje. University of Maine at Presque Isle ina mpango wa YourPace unaotoza bei moja kwa kipindi cha wiki nane, na mwenye kasi anamaliza kozi kadhaa ndani yake. Charter Oak State College ya Connecticut iliundwa tangu 1973 kwa ajili ya watu wazima wenye krediti za kuunganisha, na inadai kozi mbili tu za kwake, ya kufungulia na ya kuhitimishia. Thomas Edison State University ya New Jersey na Excelsior University ya New York ni ndugu zake wa zama hizohizo na wa lengo hilohilo.

Western Governors University, au WGU, inastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu inasifiwa sana na kueleweka vibaya. Ilianzishwa 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi. Unalipa bei moja kwa kipindi cha miezi sita, ambayo kwa shahada nyingi za kwanza iko chini ya dola 5,000, kisha unamaliza kozi nyingi uwezavyo. Kila kozi inaisha kwa mtihani wa kusimamiwa, kwa kazi ya kuandika, au kwa vyote viwili. Kabla ya mtihani kuna mtihani wa majaribio, na huo ndio kipimo cha kweli. Ukiupita vizuri siku ya kwanza, omba mtihani wenyewe wiki hiyohiyo.

Mtego wa WGU ni kwamba shahada zake zina orodha ya kozi iliyofungwa. Karibu hakuna kozi za kuchagua. Krediti yako inaingia tu kama inalingana na kozi fulani iliyomo kwenye orodha. Mtu anaweza kuja na krediti 90 halali na zikaingia 45, zilizobaki zikakosa pa kukaa. Tena tathmini inafanyika kabla ya kuanza. Ukishaanza kipindi cha kwanza, usitegemee kwenda kusoma kozi Sophia na kuirudisha. Kwa hiyo pata mwongozo wa uhamisho wa shahada unayoitaka, weka alama kwenye kila kozi yenye mbadala, maliza mbadala hizo zote, kisha ndipo uanze. Katika Charter Oak na wenzake mambo ni kinyume: kuna nafasi pana ya kozi za kuchagua, na krediti za zamani zilizosahaulika zinapata mahali pa kujibanza.

Kule vyuo vya umma, usipuuze njia ya zamani ya miaka miwili chuo cha jamii kisha miwili chuo kikuu. Florida ina mfumo mmoja wa namba za kozi kwa vyuo vyake vya umma, na mwenye shahada ya miaka miwili iitwayo AA, ya krediti 60, amehakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo. California ina shahada ya uhamisho inayofungua mlango wa mfumo wa California State University, pamoja na tovuti ya ASSIST inayoonyesha kozi ipi inahesabika wapi. Shahada ya miaka miwili ina faida ya kituo: maisha yakikatiza safari, umebaki na kitu cha kuonyesha mwajiri.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kurudia somo lilelile ndiko kunakotupa pesa nyingi zaidi. Uandishi wa Kiingereza wa Sophia na mtihani wa College Composition wa CLEP vinahesabiwa kitu kimoja. Unavyo vyote viwili, unapata krediti za kimoja. Majina ya kozi hudanganya, kwa hiyo linganisha yaliyomo.

Kisha kuna tofauti ya muhula na robo, yaani namna chuo kinavyougawa mwaka wa masomo. Vyuo vya mfumo wa robo vinahesabu krediti ndogo. Krediti 3 za muhula ni 4.5 za robo. Ukihama kutoka chuo cha robo, krediti zako 90 zinakuwa 60.

Mapendekezo ya ACE yana tarehe ya kuanza na ya kuisha. Fungua orodha ya ACE, tafuta kozi, na hakikisha siku utakayoimaliza imo ndani ya tarehe hizo. Piga picha ya skrini ya ukurasa huo. Hifadhi pia silabasi ya kila kozi kwa PDF siku unapoianza, maana tathmini ikija vibaya silabasi ndiyo silaha yako ya rufaa, na wauzaji hubadilisha kozi bila kutangaza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jedwali la Excel lenye safu sita linatosha: jina la kozi, chanzo, krediti, ngazi, nafasi inayoijaza chuoni, na tarehe transkripti ilipotumwa.

Ahadi ya simu haihesabiki. Mhudumu wa udahili anaweza kusema "tunapokea zote" kwa nia njema kabisa, lakini si yeye anayeandika. Omba tathmini isiyo rasmi kwa maandishi, na uliza maswali mahususi: kozi hii ya Sophia inaingia kama kozi gani yenu? Ni ngazi ya juu au ya chini? Kikomo chenu cha krediti za ACE ni kipi? Kikomo hicho mara nyingine ni kidogo kuliko kikomo cha jumla cha kuhamisha.

Kuhusu msaada wa serikali, Pell Grant na mikopo ya shirikisho hailipii Sophia wala Study.com, kwa sababu si vyuo. Na mwenye mkopo wa zamani awe macho: akishuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, muda wa miezi sita unaanza kuhesabiwa, kisha marejesho yanaanza. Kukaa nje mwaka mzima ukikusanya krediti za bei nafuu kunaweza kukuletea barua ya mkopo katikati ya safari. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, naye asijaribu kutimiza mzigo wake kwa njia hii. Katika muhula ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa kwenye mzigo kamili, na kozi za Sophia hazimo kabisa.

Kwa anayelenga udaktari, uuguzi, ualimu au leseni ya uhasibu, tunashauri tahadhari kubwa. Shule za udaktari zinataka sayansi zenye alama na maabara za chuo. Bodi za leseni ni za majimbo na kila moja ina kanuni zake juu ya krediti zisizo za chuo. Iandikie bodi ya jimbo utakalofanyia kazi kabla ya kozi ya kwanza.

Mwisho, omba transkripti zote zitumwe kwa mkupuo mmoja kozi zikishaisha, kisha baada ya wiki mbili fungua ukurasa wako wa mwanafunzi uhesabu mwenyewe zilizoingia. Kozi iliyopotea njiani ni rahisi kuipata ndani ya mwezi huo kuliko muhula wa kuhitimu. Na shahada haiji yenyewe ukifikisha 120: kuna fomu ya kuomba kuhitimu, mara nyingi yenye ada na siku ya mwisho inayotangulia sherehe kwa miezi kadhaa.